Ndata kivumbu imegoma kuota, shida ni mbegu ama ni mimi?

mama_mbuzi_makueni:
Wadau habarini. Nilinunua kilo nne za mbegu ya ndata kivumbu (wengine mnaijua kama nyasi mkia wa mbweha) nikapanda ekari mbili kabla tu mvua ya Novemba ianze, nikapitisha plau ya ng'ombe nikafunika vizuri kama mahindi. Sasa wiki ya tano mvua imenyesha na ninaona majani ya magugu tu, yenyewe ni vishina vya kuhesabu. Aliyeniuzia anasema ardhi yangu ni mbaya. Niongeze mbegu ama nihamie nyasi ya boma Rhodes?

kibwezi_kavu:
Pole dada, hapo kwa "nikafunika kama mahindi" ndipo ulijimaliza. Ile mbegu ni manyoya matupu, punje ndani ni ndogo sana, haitaki kuzikwa. Chora mitaro midogo ya kukinga maji, mwaga mbegu, halafu buruta tawi la mgunga juu, sentimita moja ya udongo inatosha. Na hiyo boma Rhodes kwa mvua yetu ya huku utalia tena, hiyo inataka maji zaidi.

fundi_marobota:
Na uliza mbegu ilivunwa lini. Ikiwa mbichi inalala, hata uimwagilie vipi. Mimi huiweka gunia la sisali pakavu karibu mwaka mzima ndio napanda. Tena kabla hujalipa chukua kidogo usugue kwa kiganja hadi manyoya yatoke, upulize, uone kama kuna punje ya kahawia imebaki. Kuna watu wanauza makapi jamani, gunia kubwa lakini ndani hakuna kitu.

mama_mbuzi_makueni:
Nimesugua sasa hivi zilizobaki, kati ya ishirini nimepata punje saba 😭 na aliniambia ni za Oktoba!! Yaani alivuna akaniuzia mwezi huo huo.

mzee_ngitili:
Mimi niko Shinyanga. Kabla hujatoa hela nyingine, kuna mashina ya zamani yaliyobaki? Sisi tunafunga kipande mvua zikianza, mifugo haiingii mpaka kiangazi, tunaita ngitili, na nyasi inarudi yenyewe bila kununua mbegu. Ila kama ni udongo mtupu umekuwa mgumu kama saruji, hapo kufunga peke yake hakusaidii, lazima upande.

kibwezi_kavu:
Mzee kasema. Na dada usifyeke hayo magugu kwa hasira, mbegu zingine zinaweza kuota msimu ujao. Zikiota, mbuzi wasikanyage hapo mpaka zizae mbegu na zimwage, maana mwaka wa kwanza mizizi haijashika na mbuzi anang'oa na shina lake.

arizona_mkenya:
Mnanichekesha, huku niliko watu wanajitolea wikendi kuing'oa na majembe! Kuna aina iliyotoka kwetu Turkana ikapandwa Texas miaka ya 1940, ikapendwa na wafugaji, sasa nyasi hii imeingia jangwani Arizona, ikikauka inabeba moto na ile mikaktasi mirefu haikuzoea moto, inakufa.

mama_mbuzi_makueni:
Basi waiweke kwa magunia wanitumie 😂 Nimeenda kuangalia, upande wa mchangani kuna mashina kama kumi na tano. Kesho naweka miiba hapo. Fundi, una mbegu ya mwaka jana?

fundi_marobota:
Ninayo kilo sita. Njoo usugue mwenyewe.