Uvimbe kwenye ovari: kusubiri, upasuaji wa matundu madogo, au kufungua tumbo?

Waridi: Habari zenu wapendwa. Nimepigwa ultrasaundi na kuambiwa nina uvimbe kwenye ovari ya kulia. Daktari wa kwanza ameshauri nisubiri kisha nirudie kipimo. Wa pili anashauri upasuaji, na amenitaka nichague kati ya ule wa matundu madogo na ule wa kufungua tumbo. Natakiwa kumjibu wiki ijayo. Mliopitia haya, mngechagua lipi?

Mkunga Mstaafu: Dada Waridi, kwa maelezo hayo hakuna atakayeweza kukujibu. Una umri gani, na je, bado unapata hedhi? Uvimbe una sentimita ngapi, na ndani yake mna maji matupu au mna sehemu ngumu? Kwa mwanamke anayepata hedhi, uvimbe wa maji matupu usiofika sentimita 5 mara nyingi hutokana na kazi ya kawaida ya ovari kila mwezi, na hunywea wenyewe ndani ya mizunguko miwili au mitatu. Ukizidi sentimita 7, au ukiwa na sehemu ngumu, huhitaji uchunguzi zaidi.

Chausiku: Matundu madogo, basi. Maumivu ni machache na mtu hurudi kwenye shughuli zake mapema.

Mama Pendo: Chausiku, usiseme "basi" kabla hatujajua ni uvimbe gani. Panapokuwa na shaka ya saratani, madaktari wengi hupendelea kufungua tumbo ili uvimbe utoke mzima, kwa kuwa ukipasuka ndani huweza kumwaga seli. Mimi niliambiwa nisubiri. Silaumu kusubiri kwenyewe. Nalaumu kwamba hakuna aliyenitajia dalili za hatari. Uvimbe wangu ulikuwa wa dermoidi, ule unaokutwa na mafuta, nywele, hata meno, na ambao hauyeyuki kwa kusubiriwa. Usiku mmoja maumivu makali yalinishika ghafla upande mmoja, nikatapika mfululizo, na hospitali niliyokimbilia ikanipa dawa za vidonda vya tumbo mpaka kulipokucha. Daktari wa wanawake alipofika, ovari ilikuwa imejisokota na damu haipiti, wakaiondoa yote.

Chausiku: Pole sana, mama. Lakini nimesikia kwamba siku hizi hujaribu kuisokotoa na kuiacha, hata ikiwa imebadilika rangi.

Mama Pendo: Ni kweli, na ndiyo maana bado inaniuma.

Msomaji: Mbona hakuna aliyetaja CA-125, kile kipimo cha damu cha kudokeza saratani ya ovari? Apimwe damu, ajue moja.

Mkunga Mstaafu: Hatajua moja, Msomaji. Kipimo hicho hupanda pia kwa endometriosisi (tishu kama ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi inapoota nje yake), fibroidi, maambukizi ya nyonga, hata wakati wa hedhi, na saratani changa huweza kutokipandisha. Husaidia zaidi kwa aliyekwisha kukoma hedhi, tena kikisomwa pamoja na picha.

Msomaji: Na vidonge vya uzazi wa mpango? Dada yangu alivimeza na uvimbe ukaisha.

Mkunga Mstaafu: Huenda ungeisha hata bila vidonge. Tafiti zilizolinganisha hazikuonyesha kwamba vinaharakisha uvimbe uliopo kunywea.

Waridi: Samahani kwa kuchelewa. Nina miaka 34, hedhi ipo na inauma sana, uvimbe una sentimita 6, na ripoti imeandika "majimaji mazito yenye ukungu". Natamani kupata mtoto.

Mkunga Mstaafu: Hayo ndiyo ungeanza nayo! Maelezo hayo huashiria uvimbe wa endometriosisi, wenye damu ya zamani, ingawa uvimbe wa kawaida uliovujiwa na damu huweza kufanana nao kwa muda, na hapo kurudia kipimo baada ya wiki kadhaa kuna faida. Matundu au kufungua tumbo ni njia ya kuingilia tu. Muulize daktari anakusudia kutoa nini, uvimbe peke yake au ovari nzima. Kuufyonza tu huufanya mara nyingi urudi, na kuubandua ukuta wake huweza kupunguza akiba ya mayai, kwa hiyo omba kipimo cha AMH, homoni ya kwenye damu inayokadiria akiba hiyo, kabla ya kuamua.

Mama Pendo: Kwa maumivu hayo mimi nisingesubiri.

Mkunga Mstaafu: Nami, kwa anayetafuta mtoto, nisingekimbilia kisu.

Chausiku: AMH hupimwa siku gani ya hedhi? Nami nataka kupima.

Mkunga Mstaafu: Siku yoyote, kwa kuwa haibadiliki sana ndani ya mzunguko. Ila kama unameza vidonge vya uzazi, mwambie daktari, kwani huweza kuishusha kidogo.