Ubuntu 22.04: Kiarabu kimekataa kusakinishwa

Mwalimu wa Pangani
Habari zenu, ndugu zangu. Nafundisha Kiarabu, na nilisakinisha mfumo endeshi wa kompyuta wa Ubuntu 22.04 kwa flashi nyumbani kwangu, ambako hakuna intaneti. Usiku huohuo nilifungua terminali (dirisha la kuandikia amri) nikaandika sudo apt install language-pack-ar, nikajibiwa kwamba kifurushi hicho hakipatikani. Jana nilikwenda kwa jirani mwenye waifai, nikafungua dirisha la lugha, nikachagua Kiarabu, lakini safari hii nikaambiwa kwamba programu nyingine imeshikilia kazi ya usakinishaji. Rafiki yangu amenishauri nifute faili la /var/lib/dpkg/lock-frontend. Naomba ushauri kabla sijagusa kitu.

Fundi Komeo
Mwalimu, usilifute. Faili hilo ni komeo: linazuia programu mbili zisiandike kwa pamoja katika daftari la vifurushi, na daftari hilo likiharibika utakuwa na kazi kubwa kuliko hii ya lugha. Inaelekea kompyuta yako, ilipoonja intaneti kwa mara ya kwanza, ilianza yenyewe kupakua masasisho ya usalama, nawe ukaikuta kazini. Iache imalize. Ikiwa uliizima katikati, anza na sudo dpkg --configure -a, inayokamilisha usakinishaji uliokatika.

Lile jibu la nyumbani lilikuwa na sababu nyingine. Kompyuta iliyosakinishwa bila mtandao haina orodha ya vifurushi vilivyo kwenye hazina ya Ubuntu mtandaoni, kwa hiyo haiwezi kupata jina ambalo halijawahi kuifikia. Ukiwa kwa jirani, andika sudo apt update ili uipate orodha hiyo, kisha sudo apt install $(check-language-support -l ar). Amri ya pili huuliza ni vifurushi gani vya Kiarabu vinavyokosekana, pamoja na kamusi ya tahajia na tafsiri ya LibreOffice (programu za ofisi), ikavisakinisha vyote kwa mkupuo mmoja.

Mwalimu wa Pangani
Nashukuru sana, vimeingia vyote. Hata hivyo, menyu bado ni za Kiingereza, na katika orodha ya lugha Kiarabu kimefifia chini kabisa.

Mkalimani
Lugha iliyo chini ya Kiingereza haisomwi kamwe. Ikokote kwa kipanya hadi juu, kisha utoke kwenye akaunti na kuingia upya. Utakapoingia, utaulizwa kama folda zako zibadilishwe majina. Mimi hukataa daima, kwa sababu njia za mafaili zenye herufi za Kiarabu husumbua sana kwenye terminali.

Lakini niruhusu nikuulize, Mwalimu: unataka kusoma menyu kwa Kiarabu, au unataka kuandika Kiarabu tu? Ukiipandisha lugha hiyo, madirisha yote yatageuka na kuanzia kulia. Kwa kuandika, acha Kiingereza kikae juu, uongeze kibodi ya Kiarabu kwenye mipangilio ya kibodi, kisha ubadilishe kwa kubonyeza kitufe cha Super (mara nyingi huwa na nembo ya Windows) pamoja na kile cha nafasi. Kamusi ya tahajia uliyokwisha kuisakinisha itafanya kazi vilevile.

Mwalimu wa Pangani
Kumbe nilichohitaji ni kibodi tu! Nimeiongeza, na karatasi ya mtihani nimeanza kuichapa.