Mama anachanganya vidonge vya kisukari na unga wa mitishamba

Swali: Habari zenu, ndugu. Mama yangu hapa Tanga anatumia metformini na glibenklamidi alizoandikiwa kliniki. Jirani amemletea unga wa mitishamba katika kopo lisilo na maelezo ya viambato, na tangu aanze kuunywa huamka akitetemeka na kutokwa jasho. Je, nimzuie?

Jibu: Pole sana. Hizo ni dalili za sukari kushuka. Mpime papo hapo. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, mpe vijiko vinne vya chai vya sukari katika maji, kisha umpime tena baada ya dakika 15. Akishindwa kumeza, usimpe chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali. Hata akipata nafuu apelekwe, kwa sababu glibenklamidi hukaa mwilini kwa saa nyingi na sukari inaweza kushuka tena.

Jibu: Aache unga, lakini vidonge asiviache wala kuvipunguza bila daktari. Nalisisitiza hili kwa kuwa baadhi ya dawa zinazouzwa kama mitishamba zimepimwa na kukutwa na glibenklamidi iliyofichwa, hivyo huenda mama anameza dozi maradufu. Nenda na kopo lenyewe kliniki, na muulize jirani kama dawa hiyo imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Jibu: Hata uwatu na karela halisi huweza kushusha sukari, kwa hiyo daktari aambiwe kila anachokunywa.