Deoksikoleti imegeuka jeli kwenye bafa, nifanyeje wakuu?

Mpasua_Ini: Habari wakuu, mliokaa maabara naombeni msaada. Natoa protini za utando wa seli kwenye ini la panya, bafa ya kupasulia seli ni RIPA ya kawaida: Tris ya kushikilia pH, NaCl milimola 150, na sabuni tatu, NP-40 asilimia 1, SDS 0.1, sodiamu deoksikoleti 0.5. Ilikuwa safi tu, ila sampo zinavuta kamasi ya DNA, sasa maelekezo ya hapa maabara yanasema weka DNase (kimeng'enya cha kukata DNA) na magnesiamu ya kuiwezesha halafu shusha pH hadi 7 kwa HCl, nimefanya hivyo imekuwa nyeupe kama tui, baadae jeli kabisa. Inaokoleka hii?

Nyongo_Chungu: Hayo maelekezo yana shida mbili mkuu. Deoksikoleti ni chumvi ya asidi ya nyongo, pKa yake (pH ambapo nusu yake inakuwa asidi) iko kwenye 6.5 hivi, ukiisogelea inarudi kuwa asidi na asidi yake haiyeyuki. Pandisha Tris ifike 8 KWANZA, deoksikoleti iingie mwisho, na ukishaiweka usidondoshee HCl tena.

dada_pipeti: Na magnesiamu je? Inaishika deoksikoleti na kuitupa chini, kalsiamu hivyo hivyo. Alafu DNase yenyewe haipatani na SDS. Kamasi pitisha kwenye sindano ya geji 21 mara kadhaa au piga soniketa, sampo ikiwa kwenye barafu, yaishe.

Mpasua_Ini: Sasa si bora nihamie sabuni ya Triton tu?

Nyongo_Chungu: Inategemea, baadae utaitoa? Triton miseli zake (vifundo vya molekuli za sabuni) ni kubwa, kwenye dayalisisi, yaani kuchuja kwa mfuko wa vitundu vidogo, zinabaki humo humo mfukoni. Deoksikoleti zake ndogo na CMC (kiwango ambacho miseli zinaanza kujikusanya) iko milimola 2 hadi 6, inatoka. Ukihitaji lazima magnesiamu tafuta sabuni ya CHAPS, nayo imetokana na asidi ya koliki ila haisumbuliwi na asidi wala magnesiamu, bei ndo utalia.

kisima_cha_protini: Sisi wa masi spektrometa huko kuganda tunakutafuta makusudi 😂 ukimaliza kukata protini na kimeng'enya cha tripsini unamwaga TFA (asidi kali), deoksikoleti inaganda, unazungusha sentrifyuji, peptidi nyingi zinabaki juu.

Mpasua_Ini: Asanteni sana, ila hii ya leo?

dada_pipeti: Kama ni bafa tupu, NaOH kidogo kidogo na EDTA (inayonyakua magnesiamu) itaachia. Kama ini ulishalisagia humo mwaga, protini zimeshaenda na jeli. Na ukipima unga mpya vaa barakoa, vumbi lake linawasha pua balaa.