Vazi la bwana harusi bila sufu, hariri wala ngozi

Mpambe_wa_Kisauni

Salaam wadau. Bwana harusi hataki mwilini kitu chochote kilichotoka kwa mnyama. Nikaha ni alasiri, Mombasa, na vazi ni lile lile la pwani: kanzu, kofia, joho, kilemba cha Kiomani, makubadhi. Usiku anavaa suti. Kanzu na kofia ni pamba, hapo sina wasiwasi. Kazi iko kwenye hivyo vingine, maana madukani kila kinachong'aa kinaitwa hariri na kila shali ni pashmina (sufu ya mbuzi), hata ya bei ya soda. Nitaujuaje uzi bila maabara? Na ndani ya koti la suti mna nini?

Bafta_na_Melimeli

Jina la dukani usilitegemee. Satini ni namna ya kufuma, si aina ya uzi, na "hariri" nyingi unazoonyeshwa ni satini ya poliesta. Kwa bwana harusi wako hiyo ni habari njema.

Kupima, chomoa nyuzi chache za mtande na chache za mshindio, uzipime mbalimbali, kwa sababu kitambaa kinaweza kuwa pamba kwa wima na hariri kwa ulalo. Shika kwa kibanio, sogeza kwenye mshumaa taratibu. Sufu na hariri hujikunja kama zinaukimbia moto, hunuka nywele zilizoungua, na jivu lake jeusi hupondeka vidoleni. Pamba, kitani na viskosi (uzi unaotengenezwa kwa mbao) huwaka upesi kwa harufu ya karatasi. Poliesta huyeyuka ikaganda punje ngumu isiyopondeka. Usiiguse kabla haijapoa, inanata kwenye ngozi.

Moto hudanganya uzi ukiwa wa mchanganyiko. Hapo tumia jiki. Mimina kijiko kimoja bila kuizimua kwenye kikombe cha glasi, tumbukiza uzi, subiri nusu saa. Sufu na hariri hutoa povu zikayeyuka. Pamba, viskosi, poliesta na akriliki hubaki. Jiki iliyokaa sana hupoteza nguvu, kwa hiyo tia na unywele wako mmoja kando ya uzi. Unywele usipoyeyuka, jibu lako halina maana, kanunue chupa nyingine. Dirisha liwe wazi, na siki isikaribie hapo kabisa, mchanganyiko wake hutoa gesi ya sumu.

Kilemba cha Kiomani kile cha heshima ni sufu ya mbuzi wa Kashmir. Vipo vya viskosi na poliesta vilivyofumwa kwa mashine kwa maua yale yale, lakini pima kila kimoja. Ukikosa, chukua melimeli ya pamba, mraba wa mita moja na kidogo, utarizi pembezoni kwa uzi wa poliesta.

Joho la asili ni sufu au manyoya ya ngamia. Tafuta la poliesta nyepesi. Kisha angalia zari. Watu wengi huishia kwenye kitambaa, na zari ya kizamani ni utepe mwembamba wa madini uliozungushwa kwenye uzi wa hariri. Kwangua kipande cha sentimita mbili kwa kucha mpaka uzi wa katikati utokeze, upeleke huo kwenye jiki.

Fundi_Koti

Suti sasa. Kitambaa cha juu ndicho rahisi, lebo inakisema. Usichoambiwa ni kiunzi cha kifuani, kile kitambaa kigumu cha ndani kinacholipa koti umbo. Hata sheria ya lebo ya Umoja wa Ulaya (namba 1007 ya 2011) haiuhesabu mtando huo wa ndani kwenye asilimia. Kwa hiyo koti la "pamba 100%" laweza kuwa na turubali ya singa za mkia wa farasi kifuani, na chini ya ukosi kipande cha sufu iliyogandamizwa.

Koti la mtumba usilinunue kabla ya kufanya haya. Lebo ya koti mara nyingi iko ndani ya mfuko wa kushoto wa ndani. Wolle, laine, lana na wol zote ni sufu. Seide, soie, seta na seda ni hariri. Kisha inua ukosi uone kile kitambaa kizito cha chini yake, kwangua nyuzi uzichome. Mwisho finya kifua karibu na tundu la kifungo cha kwanza. Ukihisi tabaka tatu zinazoteleza, katikati kuna turubali iliyoshonwa, si ya gundi, na hapo singa ni za kutarajiwa. Ukihisi tabaka mbili tu, ya ndani ikiwa imeshikana na ya juu, imegandishwa kwa pasi, na gundi ya namna hiyo ni ya plastiki.

Mimi ningeshona suti mpya ya kitani, mita 3 mpaka 3.5 za upana wa sentimita 150. Kiunzi kiwe turubali ya pamba. Iloweke kwanza kwenye maji moto, ianike, ndipo ukate. Ukiruka hatua hiyo itasinyaa baada ya kufuliwa na kifua kitafanya mabonde. Kwa sehemu ya kugandisha, bonyeza pasi sekunde 12 hivi, inua, hamia pengine. Usiburuze. Acha ipoe palepale mezani, maana ukiinua ikiwa moto gundi haijashika, na malengelenge hutokea siku ya kwanza ya jasho. Bitana iwe viskosi au kupro (uzi utokanao na masalio ya pamba). Poliesta inafaa pia, ila kwa joto la Mombasa ni adhabu.

Mabegani tumia pamba au poliesta. Na tafadhali, ukiwa sokoni tamka vizuri: *sufi* ya msufi ni mmea, *sufu* ni kondoo. Hata hivyo sufi begani hujikusanya donge, iache kwenye mito.

Vifungo: gusa upande wa nyuma kwa sindano ya moto. Pembe hunuka nywele, plastiki hunuka plastiki, vya kokwa la mtagua (mti wa jamii ya mnazi) hunuka kuni. Vya kombe la chaza utavijua kwa ubaridi wake shavuni.

Shona_Makubadhi

Viatu vya kutoka Ulaya vina alama ndogo kwenye soli au kwenye ulimi. Umbo la ngozi iliyotandazwa ni ngozi. Umbo hilo likiwa na almasi ndani ni ngozi iliyopakwa. Wavu ni kitambaa, almasi peke yake ni vitu vingine. Alama hiyo inahesabu asilimia 80 ya sehemu husika, kwa hiyo almasi juu haikuhakikishii kwamba mshipi mdogo wa kando si ngozi.

Makubadhi ya kushonwa, omba ngozi bandia ya poliyurithani yenye kitambaa cha nyuzi laini nyuma. Ile nyembamba ya makochi huchanika kwenye matundu ya sindano. Mishono iwe ya milimita 4, ndani ya kila mkanda upite utepe wa nailoni, na kingo zikunjwe, maana zikikatwa wazi kitambaa kinachungulia. Gundi ipakwe pande zote mbili, subiri mpaka isishike kidole, ndipo ugonge. Kama malighafi ni PVC, gundi ya kawaida ya viatu italegezwa na mafuta ya plastiki yenyewe na soli itabanduka. Taka gundi ya poliyurithani. Usiweke kiatu hicho kabatini miaka ukitegemea harusi nyingine. Unyevu wa pwani huvunja ile ngozi bandia ya poliyurithani, ikaanza kubanduka magamba hata bila kuvaliwa.

Mpambe_wa_Kisauni

Shukrani sana. Basi si bora soli za tairi, za katambuga?

Shona_Makubadhi

Zinafaa, lakini raba ya tairi hutiwa asidi ya steariki, na hiyo hutengenezwa kwa mawese au kwa mafuta ya ng'ombe. Kwa kuitazama hutajua ni ipi. Muulize bwana harusi mwenyewe anaweka mpaka wapi kabla hujakata.

Bafta_na_Melimeli

Nyongeza ya kilemba. Melimeli haisimami kama sufu, huteleza kwenye kofia. Koroga kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa muhogo kwenye maji baridi kidogo, mimina nusu lita ya maji yanayochemka huku ukikoroga, ipoe, chovya, kamua, piga pasi ikiwa bado na unyevu. Ifanye asubuhi ya nikaha. Ukiifanya jana yake, hewa ya bahari itakuwa imeilegeza kabla ya alasiri.