Kijana anayesoma nyumbani: West Point, Coast Guard au ROTC?

MamaZ_Houston
Habari za jioni jamani. Mwanangu yuko darasa la 10, miaka 16, na tangu darasa la 6 namfundisha mwenyewe nyumbani. Sasa kashikilia moja tu: West Point, chuo cha maafisa wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani. Baba yake anasema aende chuo kikuu cha kawaida, achukue ROTC, yaani mafunzo ya uafisa akiwa hukohuko chuoni, jeshi lilipe ada. Mimi nimesikia chuo cha Coast Guard, walinzi wa pwani, hawadai barua ya mbunge. Aliyepitisha mtoto huko, au aliyepita mwenyewe, anilinganishie. Na hawa watoto wa nyumbani wanapokelewa kweli?

AfandeMstaafu_Norfolk
Wanapokelewa, dada, kila mwaka wamo. Ila usipangie safari kwenye jina la chuo kabla hujajua milango yake.

West Point, Annapolis ya jeshi la majini, na Air Force Academy ya jeshi la anga, Colorado Springs: ada hakuna, mtoto anapewa posho, anatoka na digrii na cheo cha afisa, kisha anadaiwa miaka 5 ya utumishi. Akijiona hawezi, anaweza kuondoka bila deni kabla ya kuanza mwaka wa tatu. Baba yake apate kulijua hilo.

Hivyo vitatu lazima uteuliwe. Wanaoteua ni mwakilishi wa jimbo lenu la uchaguzi, maseneta wenu wawili na Makamu wa Rais. Aombe kwa wote wanne. Watu wetu wengi wanadhani hapo lazima umjue mkubwa. Si hivyo. Ofisi ya mbunge ina fomu, insha na mara nyingi jopo la usaili, na chama chako hawakiulizi. Ugumu uko kwenye hesabu: mbunge hawezi kuwa na kadeti wake zaidi ya 5 kwa wakati mmoja katika kila chuo. Kwa hiyo kijana anaanza kushindana na wenzake wa jimboni.

Binti_Kisauni
Coast Guard Academy, New London, Connecticut: ulisikia sawa, uteuzi hakuna. Lakini usishangilie mapema. West Point huingiza takriban 1,200 kwa mwaka, Coast Guard hawafiki hata theluthi ya hapo. Mlango hauna bawabu, ila ni mwembamba. Na kule hesabu na uhandisi ndiyo chakula cha kila siku.

Mimi mtoto wa baharia, niruhusu nitaje na Kings Point, chuo cha mabaharia wa meli za biashara. Uteuzi unahitajika, lakini vijana wanapelekwa kufanya kazi kwenye meli zenyewe wakiwa bado wanafunzi. Hakuna anayekitaja kwenye vikao vyetu, sijui kwa nini.

Mwl_wa_Jikoni
Mama Z, binti yangu nimemfundisha nyumbani hadi darasa la 12, sasa yuko Annapolis. Kusoma nyumbani si kikwazo. Kikwazo ni shahidi. Alama ulizompa wewe, mama yake mzazi, nani azitie uzito? Tafuta watu wengine wa kumpima.

Mtihani wa SAT wa kuingilia vyuo kwanza, mapema, na arudie. Pili, masomo ya komyuniti koleji, chuo cha umma cha miaka miwili: kalkulasi, na kemia yenye maabara. Hapo unapata alama zisizo zako na walimu wa kumwandikia barua, maana wanataka mwalimu wa hesabu na wa Kiingereza, na hao wawili huwezi kuwa wewe.

Tatu, maelezo ya masomo. Kila somo andika kitabu gani, maabara gani, ulisahihishaje. Kwenye biolojia sisi tuliandika wazi kwamba chura alipasuliwa juu ya meza ya kulia chakula, kwa mwongozo upi, na ripoti ikawa ya kurasa ngapi. Usiandike "Sayansi: A" ukanyamaza.

Mwisho, atoke nje. Civil Air Patrol, kikosi cha kujitolea kinachosaidia jeshi la anga, wanapokea kadeti kuanzia miaka 12. Michezo pia: tangu 2021 sheria ya Texas inaruhusu shule ya umma kumchezesha mtoto anayesoma nyumbani, ila si kila shule inakubali. Ulizeni ya jirani.

Shemeji_Dallas
Mimi niko na baba yake. ROTC haina mbunge, na kijana anaishi maisha ya chuo kama wenzake. Ufadhili wa Jeshi la Nchi Kavu kwa kawaida unadai miaka 4 kazini. Cheo cha kuanzia ni kilekile. Miaka minne ya kupigiwa kelele ya nini?

MamaZ_Houston
Asanteni sana. Nilisahau jambo: alizaliwa Mwanza, ana grini kadi. Mimi naapa uraia mwakani, baba yake bado.

AfandeMstaafu_Norfolk
Hilo ndilo ungeanza nalo! Siku ya kuingia chuoni lazima awe raia. Kwa sheria ya 2000, ukiapa wewe kabla hajafikisha 18, naye ana grini kadi na anaishi nawe chini ya malezi yako, anakuwa raia papo hapo. Mkatie pasipoti mara moja. Ukichelewa akavuka 18, ataomba mwenyewe na muda utamkimbia.

Shemeji_Dallas
Hapo ROTC inampa nafasi: asiye raia anaweza kuhudhuria masomo yake, asichoweza ni kusaini mkataba na kupokea ufadhili. Na mkumbuke Tanzania haina uraia pacha. Mzungumze ndani kwanza.

Mwl_wa_Jikoni
Mazoezi aanze sasa. Kwenye jaribio la nguvu za mwili la West Point na Annapolis kuna kujivuta kwenye chuma, mbio za maili moja, na kitu kinachowashangaza wengi: kurusha mpira wa kikapu kwa mkono mmoja huku umepiga magoti. Wangu mkimbiaji hodari, mpira ulikuwa unaanguka karibu kiasi cha kuchekesha. Na kama alitibiwa pumu baada ya miaka 13, kusanyeni rekodi za daktari, maana wataziuliza.

MamaZ_Houston
Pumu hana. Tumekaa leo na baba yake: ataomba West Point, Coast Guard na ROTC kwa pamoja. Kiapo changu ndicho kinaharakishwa. Kambi ya kiangazi ya West Point anaombaje?

AfandeMstaafu_Norfolk
Akiwa darasa la 11, kwenye tovuti yao, wakati wa baridi. Kambi yenyewe ni kiangazi kinachofuata. Annapolis wana yao, Coast Guard nao. Aombe zote tatu.