Wenye mashine za kusaga, masikio yenu mnayalindaje?

Mzee wa Chekeche
Wakuu habari za jioni. Nina mashine ya kusaga na kukoboa huku Kibaigwa. Inaendeshwa na injini ya dizeli, umeme wa fezi tatu haujafika mtaani kwetu. Kazi hii nimeikalia tangu ujana, na msimu wa mahindi tunasaga kutwa nzima.

Zamani nikifunga mashine masikio yanalia nziii, nikiamka asubuhi yametulia. Siku hizi hayatulii. Mke wangu tukiwa wawili namsikia vizuri, ila kukiwa na wageni, au binti yetu mdogo akiongea, sauti naipata, maneno siyapati. Wananiambia napiga kelele kwenye simu.

Kinga yangu ni pamba. Je, inatosha? Na hili lililokwisha kutokea lina dawa? Halafu nina kijana wa miaka 19 namfundisha kazi, anavaa hedifoni na muziki juu, anasema ndiyo kinga yake. Nimwambieje?

Fundi Grenda
Pole mkuu. Pamba inazuia unga tu. Mimi nachomelea Gongo la Mboto, grenda inapiga mlio wa kukata ubongo. Natumia vizibo vya masikio vya sponji, utavipata maduka yanayouza helmeti na riflekta. Bei si ya kukutisha.

Nesi Pua na Koo
Mzee wangu shikamoo. Nafanya kliniki ya masikio, nikueleze kwa kirefu kidogo.

Ndani kabisa ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa taarifa ya ubongo. Kelele huziua taratibu, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Kwa hiyo dawa ya kuzirudisha hamna, wa kwenye redio akikuuzia matone ya mitishamba mwache na chupa yake. Zinazotangulia kufa huwa ni za sauti nyembamba, ndiyo maana sauti ya mtoto na herufi kama s, f na sh zinakupotea huku ngurumo ya lori unaisikia vizuri.

Kinachoharibu ni ukali wa kelele pamoja na muda. Kikomo kinachotumika sana ni desibeli 85 (desibeli hupima ukali wa sauti) kwa saa 8. Zikiongezeka 3 tu, muda salama unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 saa 2, 94 saa moja. Huna kifaa? Ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, jua umeshafika huko. Hesabu na yanayofuata baada ya kazi: bodaboda, spika za harusini, baa ya jirani. Sikio halijui ipi ni kazi na ipi ni starehe.

Kijana ndiye ananitia wasiwasi zaidi. Ili muziki uishinde mashine lazima aupandishe juu ya mashine. Amejiongezea mzigo, hajajikinga.

Sponji ina namna yake. Nawa mikono, isokote iwe nyembamba, mkono mwingine uvute sikio juu na nyuma, ingiza, kisha ishikilie mpaka ijae tundu. Ikichungulia nje sana haijaingia. Ikichafuka na unga, badilisha.

Nenda ukapimwe usikivu. Huenda sehemu ya tatizo ni nta iliyoziba, hiyo mara nyingi hutolewa siku hiyohiyo. Na popote unapotibiwa, taja huo mlio kabla hujachomwa sindano ya gentamaisini, dawa ya kuua bakteria, maana inaweza kudhuru masikio. Kwinini nayo inaweza kuuzidisha.

Mama Posho Kitale
Mimi nina posho mill hapa Kitale. Kwetu Kenya kanuni za kelele kazini za 2005 zinaweka mwisho desibeli 90 kwa saa 8, lakini inspekta sijamwona. Kilichonisaidia ni fundi: injini tukaitoa nje, ukuta wa matofali katikati, mkanda ukapita kwenye tundu dogo. Beringi zilizoisha na nyundo za kusagia zilizolika upande mmoja pia huongeza makelele, zibadilishe. Wateja wangu sasa husubiri upande ule mwingine. Mzee, kabla ya kununua chochote angalia mashine yenyewe.

Mzee wa Chekeche
Marahaba binti, na asanteni nyote. Beringi kweli zinalia tangu mwaka jana, nilizizoea. Jumatatu naenda Dodoma kupima. Ukuta nitaujenga mavuno yakiisha, sasa hivi foleni ya magunia imefika barabarani. Kijana nimempa simu asome mwenyewe. Amesoma yote, akauliza kama hizo sponji zinapatikana nyeusi.

Fundi Grenda
Kariakoo nimeona njano na chungwa tu. Mwambie avae hivyohivyo, hakuna anayemchumbia mashineni.